NANI ALIMLIPIA NAULI MWANDISHI WA HABARI?



Katika mkutano wa halmashauri ya tawi uliopita nilileta hoja kwamba chama kitoe karo ya wanachama wawili kila mwaka waende chuoni kusoma uandishi wa habari na mawasiliano. Hoja ilichekwa. Ndugu mmoja, mzee ambaye namheshimu kwa sababu alishika kadi ya chama wakati mimi ningali mtoto wa shule, alisimama akasema: "Sisi ni watu wa mashine na magunia. Mwenye kutaka gazeti na anunue." Watu wakapiga makofi, nami nikakaa chini. Lakini kukaa chini si kukubali. Mhariri wa karatasi hii amenipa nafasi, basi nitasema hapa yale ambayo makofi yalinizuia kuyasema pale.

Nianze na jambo mnalolijua, maana wengi wenu mlikuwako.

Mnakumbuka mgomo wetu wa siku tatu, ule wa vibarua. Sitataja kampuni wala gazeti, kwa maana sitaki karatasi hii ifikishwe kortini kwa ajili ya mdomo wangu. Tuligoma kwa sababu wenzetu wa idara ya upakiaji walikuwa wameandikwa vibarua kwa miaka, wakilipwa mwisho wa juma kana kwamba wameingia jana, na hali Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, inasema wazi kwamba kibarua akifanya kazi mfululizo kwa muda wa mwezi mmoja, si kibarua tena. Chama kilikuwa kimetoa ilani ya siku saba kwa maandishi, kama Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 inavyotaka. Mimi mwenyewe ndiye niliyeipeleka ofisini, na karani akaipiga muhuri mbele ya macho yangu.

Asubuhi ya siku ya kwanza tukiwa langoni, gari la kampuni likafika. Ndani yake amekaa msichana mwenye daftari na kamera. Lango likafunguliwa, likafungwa. Akakaa ndani karibu saa nzima. Alipotoka alikuwa katika gari lile lile. Kioo kikashushwa, akauliza: "Wazee, mnataka nini?" Watu thelathini wakapiga kelele kwa pamoja, kila mmoja na lake. Akaandika mistari miwili. Gari likaondoka.

Kesho yake tukasoma: mgomo haramu wakwamisha kazi kiwandani. Meneja alikuwa na aya baada ya aya. Mshahara wetu ukatajwa, lakini ulikuwa umejumlishwa na saa za ziada za mwezi wa kazi nyingi, na marupurupu ya nyumba, na nadhani hata uji wa saa nne ulihesabiwa. Mfanyi kazi mmoja "ambaye hakutaka kutajwa jina" alisema maisha ni magumu. Basi. Neno kibarua halikuwamo hata mara moja. Ilani ya siku saba haikuwamo. Mtu aliyeisoma habari ile Kisumu au Mombasa alijua kwamba watu wanaolipwa vizuri wameacha kazi bila sababu na kinyume cha sheria.

Sasa sikilizeni lililobaki, ambalo wengi hamlijui. Msichana yule ni mtoto wetu. Mama yake ni mwanachama, anafanya kazi upakiaji, na siku ile alikuwa amesimama langoni mstari wa nyuma, akaona aibu kumwita binti yake mbele ya watu. Karo ya binti ilitoka katika ushirika wetu wa akiba na mikopo. Wengine wenu mlimdhamini mama huyo mkopo ule, mlitia sahihi. Kwa maneno mengine, sisi wenyewe ndio tuliolipa ili habari ile iandikwe hivyo.

Usiku ule mama alimwuliza: "Mwanangu, umeandika nini hiki?" Binti akalia. Akasema alikuwa atachimenti, miezi mitatu bila senti moja. Mhariri alimwambia aende kiwandani. Hakuwa na nauli. Kampuni ikapiga simu kwa gazeti ikasema usijali, gari litakuja kumchukua. Na neno "haramu" alilipata kwa meneja, akaliandika kama alivyolipewa. Halafu akamwuliza mama yake swali ambalo limenikosesha usingizi hata leo: "Mama, ilani ya mgomo ni kitu gani?"

Ndugu zangu, msichana huyu alikuwa amesoma karibu miaka miwili. Mama yake alinionyesha madaftari yake, nikayasoma yote, jioni tatu. Sisemi kwamba chuoni hawafundishwi. Wanafundishwa, na vizuri. Humo niliona nani, nini, wapi, lini, kwa nini na vipi. Niliona namna ya kuweka jambo kubwa juu na dogo chini, kusudi mhariri akikata mkia habari isife. Niliona sheria ya kashfa, kupiga picha, kusoma habari mbele ya kipaza sauti, kupanga ukurasa. Niliona somo zima la biashara na uchumi: hisa, faida ya mabenki, bei ya dola. Lakini mapatano ya pamoja baina ya chama na mwajiri? Hapana. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi? Hapana. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010, kinachompa kila mfanyi kazi haki ya malipo ya haki, ya kujiunga na chama na ya kugoma? Hapana. Kifungu cha 34, cha uhuru wa magazeti na redio, kilikuwamo, tena kimepigiwa mstari mwekundu. Vifungu hivyo viwili viko katika sura moja ya Katiba, na mwalimu aliruka kimoja.

Ndiyo maana swali la "kwa nini" aliliuliza kwa meneja peke yake. Hakujua kwamba jibu lingine liko kwenye karatasi yenye muhuri.

Na kuna jambo la pili ndani ya chuo ambalo wazazi hawalioni. Darasa la mawasiliano huzaa watoto wa namna mbili. Mmoja huenda gazetini au kwenye redio. Wa pili huajiriwa na kampuni, anaitwa ofisa wa uhusiano mwema, ana meza, ana mshahara wa kila mwezi, na kazi yake ni kuandika taarifa nzuri kwa niaba ya mkubwa wake na kuzituma magazetini. Huyu wa pili hutuma. Huyu wa kwanza hupokea. Walikaa dawati moja, wanaitana kwa majina ya utani. Yule aliye gazetini analipwa kwa kila habari inayotoka, tena kidogo, na ana habari nne za kuleta kabla ya jioni. Akiletewa moja iliyokwisha andikwa, yenye picha, yenye nukuu ya meneja, atafanya nini? Mimi simlaumu. Mtu mwenye njaa hula kilicho karibu. Lakini nauliza: katika meza ile, karatasi ya chama iko wapi? Hatukutuma. Hatuna wa kuiandika. Tulipoulizwa "mnataka nini" tulipiga kelele thelathini.

Mzee wetu alisema vyama vya zamani havikuwa na watu wa chuo cha uandishi. Kweli, na vyuo vyenyewe havikuwako. Chuo kile cha serikali cha mawasiliano, KIMC, kilianza mwaka 1961 kufunza mafundi wa redio, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungua skuli ya uandishi wa habari mwaka 1970. Lakini je, wale wa zamani hawakujua kazi ya kuandika? Makhan Singh, aliyekuwa katibu wa Labour Trade Union of Kenya tangu mwaka 1935, alifanya kazi katika kiwanda cha kupiga chapa cha baba yake hapa Nairobi. Alijua herufi za risasi, alijua wino, alijua karatasi inagharimu kiasi gani. Mafundi wa Nairobi walipogoma mwaka 1937 kwa muda wa miezi miwili hivi, wakapata nyongeza, hawakungoja gazeti la walowezi liwaeleze watu kwa nini wamegoma. Walijieleza wenyewe. Mtambo wa baba yake ndio uliokuwa chuo chake. Sisi mtambo huo hatuna. Tuna mashine ya ofisi ambayo hukwama kila ikifika ukurasa wa tatu.

Na Tom Mboya? Mwaka 1955 alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyi kazi, nchi iko chini ya hali ya hatari, viongozi wako kizuizini, kazi imemjaa hadi shingoni. Hata hivyo alikwenda Ruskin College, Oxford, akasoma mwaka mzima, akarudi 1956. Angeweza kuambiwa: kijana, hapa kuna kazi, vitabu vya nini? Aliporudi alijua kusimama mbele ya waandishi wa London na wa Nairobi akawajibu kwa takwimu, na wao wakaandika maneno yake kwa sababu yaliandikika. Leo COTU ina chuo kule Kisumu chenye jina lake. Tunalitaja jina lake kila tarehe mosi Mei, halafu mtu akisema "karo" tunacheka.

Mwasema hayo ni ya kale. Haya, tuje karibu. Tarehe 5 Desemba 2016 madaktari wa hospitali za serikali waligoma, na mgomo ukadumu siku 100, mpaka katikati ya Machi 2017. Kisa chake kilikuwa mapatano yaliyotiwa sahihi mwaka 2013 yasitimizwe. Katika Februari 2017 viongozi wa chama chao walitupwa jela. Mwanzoni watu wengi walikuwa wanasikia jambo moja tu: wagonjwa wanateseka, madaktari wana tamaa. Lakini chama kile kilisema mapatano, mapatano, mapatano, asubuhi na jioni, redioni na kwenye simu, hata mama muuza mboga akajua kwamba kuna karatasi ya mwaka 2013. Kisha mwaka 2024 wakagoma tena siku 56, na safari hii jambo kubwa lilikuwa malipo ya madaktari wanafunzi. Ulizeni mtu yeyote wa wakati ule tarakimu mbili, atawatajia: 206,000 kwa mapatano, 70,000 kwa serikali. Je, tarakimu hizo zilifikaje vichwani mwa watu? Kuna mtu alikaa, akachagua maneno, akayafupisha, akayarudia. Hiyo ndiyo kazi ninayotaka tupeleke watu wakajifunze. Daktari ana elimu ndefu, anaweza kuokota kazi hiyo njiani. Sisi tulioacha shule darasa la nane au kidato cha pili tunahitaji mwalimu.

Sasa nijibu yale niliyoambiwa.

Niliambiwa: pesa hizo ziende katika mfuko wa mazishi. Nami nasema mfuko wa mazishi usiguswe, wala sikuomba uguswe. Kuna pesa nyingine. Kila mwajiri hutozwa kodi ya mafunzo ya viwandani inayokwenda NITA, na kiwango ambacho kimekuwa kikitozwa ni shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyi kazi. Pigeni hesabu: wafanyi kazi 400, shilingi 50, miezi 12, ni shilingi 240,000 kwa mwaka, kwa vichwa vyetu. Mwajiri akipeleka watu katika mafunzo yaliyokubaliwa anaweza kudai sehemu ya pesa arudishiwe. Na hudai! Lakini wanaopelekwa ni nani? Masupavaiza, na watu wa ofisi, na yule bwana wa uhusiano mwema aliyeandika taarifa ya mgomo wetu. Yeye alinolewa kwa kichwa chako, ndugu, halafu akakukata nacho. Kwa nini katika mapatano yajayo tusiandike kwamba nafasi za mafunzo zigawanywe, na wanachama wa kawaida nao wapelekwe, na chama kiwe na sauti katika kuwachagua? Hilo ni jambo la mezani, si la kuomba kwa magoti.

Niliambiwa: ukimsomesha atatukimbia aende gazetini. Na aende! Mnajua faida ya kuwa na mtu mmoja tu ndani ya chumba cha habari anayejua tofauti ya kibarua na mwandikwa? Lakini kwa kuwa pesa ni za chama, atie sahihi kwamba atatumikia karatasi hii miaka miwili kwanza. Hakuna ajabu katika hilo. Serikali hufanya hivyo kwa watu wake.

Niliambiwa: siku hizi kila mtu ana simu, habari zinaruka zenyewe, chuo ni cha nini. Lo! Hili ndilo lililonikasirisha zaidi, maana aliyelisema ni kijana. Mmesahau siku ya pili ya mgomo? Sauti ilitumwa katika kundi la WhatsApp, haina jina, haina saa, ikisema viongozi wameafikiana na meneja, rudini kazini. Watu wa zamu ya usiku wakarudi. Watu wa mchana wakabaki nje wakiwaita wasaliti. Tulipoteza nusu ya siku kutafuta sauti ile ilikuwa ya nani, na mpaka leo hatujui. Simu ni kama kisu. Mtu hawi mchinjaji kwa kununua kisu. Mtu aliyefundishwa angeuliza kwanza: nani amesema, lini, na nani mwingine anathibitisha? Tena angejua kwamba chama kikitoa jambo la uongo juu ya mtu kinaweza kudaiwa fidia. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilisema kumtia mtu jela kwa kashfa ni kinyume cha Katiba, na wengine wakafikiri sasa kila neno ni ruhusa. Korti ya madai bado iko wazi, na chama kina akaunti ya benki.

Tena mngejua kwamba tulikuwa na haki ya kujibu. Chini ya Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya mwaka 2013 iko Kamisheni ya Malalamiko, na kanuni za waandishi zinataka habari iwe ya kweli na upande wa pili usikizwe. Tuliiambia nani? Tulinung'unika kwenye kibanda cha chai. Siku zikapita, gazeti likafungia maandazi.

Kuna neno nataka kuwaambia wazazi peke yao, halafu nirudi kwenye hoja. Vyuo vya uandishi vimejaa mjini, vingine ghorofa ya tatu juu ya duka la viatu, studio yake ni chumba kimoja na kipaza sauti kimoja. Kabla hujakopa, uliza kama kimesajiliwa na TVETA, uliza mtihani wa mwisho unatolewa na nani, na uliza mwanao atakwenda wapi atachimenti na nani atalipa nauli yake. Wakikujibu "atajitafutia," jua kwamba wewe utalipa karo, kisha utalipa tena ili mwanao afanye kazi ya bure kwa mwenye gazeti, na pale usipoweza kulipa, kuna mwenye gari atakayelipa.

Maana hapo ndipo palipo na ugonjwa. Kazi ya bure katika chumba cha habari si jambo la wanafunzi peke yao. Waandishi wana chama chao, Kenya Union of Journalists, chama cha miaka mingi. Hao ni wafanyi kazi kama sisi. Wanapopunguzwa kazini tunasoma habari zao kama hadithi ya jirani. Hatujawahi kuwapelekea hata barua ya pole. Mwanafunzi asiyelipwa anapokalia kiti cha mwandishi aliyeachishwa kazi, huyo ni kibarua wa upakiaji kwa jina jingine. Tuligoma siku tatu kwa ajili ya vibarua wetu, na aliyetumwa kuandika juu yetu alikuwa kibarua kuliko wao wote, na hatukumtambua kwa sababu alikuja kwa gari.

Basi hoja yangu nairudisha, na safari hii nimeiandika ili isichekwe nusu nusu. Kwanza, tawi lichague wanachama wawili kila mwaka, mmoja mwanamke, wapelekwe kusoma kozi fupi ya uandishi wa habari katika chuo kilichosajiliwa, masomo ya jioni au ya likizo, karo itoke katika fungu la elimu la chama mpaka tutakapoipata kwa mwajiri. Pili, jambo la kodi ya mafunzo liingizwe katika madai ya mapatano yajayo. Tatu, katibu awaandikie walimu wa vyuo vilivyo karibu nasi kwamba chama kiko tayari kutuma mtu, bila malipo, akawafundishe wanafunzi saa mbili tu: ilani ni nini, mapatano ni nini, jinsi ya kusoma hati ya mshahara. Nne, mwanafunzi yeyote wa habari atakayetumwa kuandika juu yetu, chama kimlipie nauli ya matatu ya kuja na kurudi, apewe risiti, asipewe zaidi ya hapo hata shilingi, wala asiulizwe ataandika nini.

Hilo la nne najua litapingwa na mweka hazina. Nimekwisha hesabu: ni pungufu ya soda za mkutano mmoja.

Binti yule amemaliza diploma yake. Hajapata kazi ya kudumu. Huandikia redio moja ya mtaani na kuuza nguo Jumamosi. Nilimwuliza kama atakubali kuja kutufundisha sisi wazee wa halmashauri namna ya kuandika taarifa ya ukurasa mmoja. Amekubali. Ameomba jambo moja, aonyeshwe ile ilani yenye muhuri. Nimeitafuta katika faili la tawi nikaipata, imeliwa na panya pembeni lakini tarehe inasomeka.

Mkutano mkuu wa tawi ni Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, saa nne asubuhi, ukumbi ule ule. Wanaopinga waje na sababu. Kila mtu aje na kadi yake, maana karani wa mlangoni amesema safari hii hamjui mtu.

Ni mimi,
Mjumbe wa Idara ya Upakiaji